Bamvua Tumboni mwa Ami

Ami alishuka Malindi kwenye basi la Lamu amekumbatia ndoo ya plastiki ya lita 10, ile yenye kifuniko. Utingo alimshushia begi, akanivuta pembeni, akasema kwa sauti ya chini: "Mwalimu, huyu mzee si wa kulala nyumbani leo." Kisha akarudi kupakia mizigo ya Mombasa, hakungoja hata nimshukuru.

Yaliyotokea njiani niliyasikia baadaye, tena kwa mafungu, maana ami ni mtu wa haya. Kutoka Mokowe mpaka Witu alijizuia. Kupita Witu dereva hakutaka kusikia habari ya kusimama, na kwa kweli barabara ile haina dereva mwenye akili anayesimama ovyo porini. Ikabidi ndoo. Mama mmoja wa Faza alivua leso yake ya juu akampa utingo, na utingo akasimama kati ya viti ameikunjua kama pazia, uso ameugeuzia dirishani, mpaka Gamba. Mzee wa miaka 51, fundi wa majahazi, baba wa watoto sita, amefichwa nyuma ya leso yenye maandishi ambayo mpaka leo hataki kunitajia.

Naandika haya kwa idhini yake. Alisema: "Andika, ila ina langu usilitaye."

Alikuwa ameumwa miezi minne. Kwetu mtu akiharisha damu, kwanza ni chakula, halafu ni amiba, halafu ni fulani wa nyumba ya pili. Ami alizipita hatua zote tatu. Alimeza flajili awamu tatu, akapewa ya minyoo, akapewa na vidonge vya kichocho, vile vikubwa vinavyoacha uchungu kooni. Nilikuja kuelezwa kwamba kichocho chetu cha pwani makao yake ni vena, ile mishipa ya kutolea damu, zinazozunguka kibofu, ndiyo maana watoto wa Tana na Kwale hukojoa damu. Anayekaa kwenye vena za utumbo ni nduguye, na hapa Kenya yuko zaidi upande wa Ziwa Victoria. Kwa hiyo vile vidonge vilikuwa ni kubahatisha. Hata hivyo huwa nacheka nikikumbuka. Aliyeandika dawa ile, pasipo kujua, alikuwa amepita karibu kabisa na mlango wenyewe.

Dalili zake nizitaje zilivyo. Kubanwa mara 15 kwa siku, akienda hapati kitu ila makamasi na damu. Maumivu chini ya kitovu upande wa kushoto, ya kumfanya aume ncha ya kikoi. Amepungua mpaka mkanda wake umeongezwa matundu mawili, na matundu hayo ameyatoboa mwenyewe kwa keekee ya kazini.

Malindi walimtundikia maji, wakamwongeza damu, wakapima choo: hakuna amiba, hakuna mdudu. Wiki iliyofuata tukashuka Mombasa, kilomita 120 hivi, kwenda kuingizwa kamera. Kabla ya kolonoskopia mgonjwa hunywa dawa ya kusafisha tumbo, lita kwa lita. Ami aliitazama ile chupa, akanitazama mimi, akasema, "Hawa hawana habari kuwa mimi nimeshasafika?"

Picha zilitisha. Utumbo mwekundu, umevimba, una vidonda, ukiguswa unatoka damu. Ubaya ulianzia kwenye rektamu, kule mwisho kabisa wa utumbo mpana, ukapanda sentimita 40 hivi, halafu ukakoma. Daktari akasema ni kolitisi yenye vidonda, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia utumbo mpana wenyewe.

Nami nisimwonee. Kwa picha zile, ningesema hivyohivyo. Kolitisi ya aina hiyo huanzia rektamu ikapanda bila kuruka, na hii ilianzia rektamu ikapanda bila kuruka. Binamu yake, ugonjwa wa Crohn, ambao Burrill Crohn na wenzake waliueleza New York mwaka 1932, huwa na tabia ya kurukaruka, hapa kidonda, pale pazima, na huchimba unene wote wa ukuta wa utumbo. TB ya utumbo nayo hupenda pale utumbo mwembamba unapoungana na mpana, na hufanana na Crohn hata mabingwa wakababaika. Ami hakufanana na hao wawili. Vipande vilivyokatwa kwa kamera vikarudi na jibu la mistari mitatu: uvimbe sugu, si mahususi, unaafikiana na kolitisi.

Neno hilo, "unaafikiana", ningependa siku moja lipigwe marufuku. Viatu vyangu vinaafikiana na mguu wa jirani yangu pia.

Akaanzishiwa mesalazini na prednisoloni, dawa za kutuliza uvimbe huo. Kila asubuhi baada ya sala ya alfajiri nilimhesabia vidonge 8 vya miligramu 5 kwenye kifuniko cha chupa, akavimeza mbele yangu na uji. Wiki ya kwanza, hakuna. Wiki ya pili uso ukaanza kujaa, mashavu yakavimba. Alijitazama kwenye kioo cha bafuni akasema amekuwa mwezi wa kumi na nne. Usingizi ukapotea, sukari ikapanda. Na damu ileile, maumivu yaleyale, bali yamezidi.

Wiki ya tatu tukarudi kliniki. Aliyetupokea alipitisha macho kwenye faili, akaniuliza mimi, si mgonjwa: "Mzee anameza dawa kweli?" Nikamwambia nahesabu mwenyewe. "Pilipili anaacha?" Anaacha. "Wazee wa Lamu nawajua, wana dawa zao za kienyeji." Akaandika dozi ipandishwe, na ikishindikana tutafikiria dawa kali zaidi za kuishusha kinga. Ami alikaa kimya, mikono magotini, kama mwanafunzi aliyesingiziwa wizi wa kalamu.

Siku ile nilikasirika kwa ajili ya heshima yake. Leo nakasirika kwa sababu nyingine. Mtu huyo alikuwa ameshika mkononi kipimo kikubwa kuliko vyote tulivyolipia, akakitupa. Mgonjwa wa kolitisi akipewa dozi ile, kwa kawaida ndani ya wiki mbili huonekana dalili ya nafuu. Si wote, lakini wengi. Ambaye haoni nafuu hata ya siku moja, akawa hata anazidi, mwili wake umejibu swali: huenda huu si moto, kwa hiyo maji hayauzimi. Sisi jibu lile tuliligeuza kosa la mgonjwa.

Mkwe wetu mmoja wa Kizingitini ndiye aliyesema tuone daktari mwingine, mama mmoja bingwa wa tumbo, Mombasa kulekule. Tulichanga kwenye kundi la ukoo, na hapo nipite haraka, maana kila ukoo unajua yanayosemwa kwenye makundi ya michango.

Daktari yule alimwamkia ami "Shikamoo" kabla ya kufungua faili. Kisha akauliza, "Baba, vile vidonge vimekusaidia hata siku moja?"

"Marahaba. Hapana, mwanangu. Hata saa moja."

Akaliandika hilo juu kabisa ya karatasi, akalipigia mstari mara mbili.

Maswali yake yalikuwa ya aina ambayo hatujapata kuulizwa. Je, hupata vidonda mdomoni vinavyorudirudi, au sehemu za siri? Alikuwa anawinda ugonjwa wa Behçet, uliopewa jina la daktari wa ngozi wa Uturuki aliyeueleza mwaka 1937. Hushambulia mishipa ya damu na huweza kuchimba vidonda vya utumbo. Moyo huenda mbio bila mpango? Maana moyo wa hivyo huweza kurusha donge la damu likaziba ghafla ateri, mshipa unaoupelekea utumbo damu, na hapo maumivu huwa makali mno ilhali daktari akilibonyeza tumbo hakuti kitu. Maumivu huja nusu saa baada ya kula, mpaka akaogopa sahani? Hiyo ni ateri iliyosinyaa, kama ya mvutaji sigara wa miaka mingi. Mguu ulishawahi kuvimba mmoja? Kuna aliyeganda damu katika ukoo?

Akauliza na dawa za kienyeji, nikajiandaa kwa kesi. Kumbe ana sababu. Japani na Taiwan, alieleza, kuna watu waliotumia kwa miaka dawa za mitishamba za Kichina zenye tunda la gadenia, na vena za utumbo wao mpana zikakakamaa na kujaa chokaa mpaka ikaonekana kwenye picha. "Baba ametumia nini?" Ami akasema mwarobaini, habasoda, na maji ya kusomewa. Daktari akaandika vyote vitatu bila kucheka, nami nikampenda kuanzia hapo.

Halafu akachukua risiti yetu ya maegesho, akaigeuza, akachora. Utumbo kama mpira wa bustani umejikunja. Mstari mwekundu unaoingia: ateri. Mstari wa buluu unaotoka: vena. Akasema watu wengi, na madaktari wamo, wakisikia utumbo umekosa damu huwaza mstari mwekundu tu. Na ni kweli ndiyo hali ya kawaida kwa wazee, hasa wakiishiwa maji mwilini au presha ikishuka: sehemu za utumbo mpana zilizo mpakani, kati ya himaya ya ateri moja na nyingine, hukosa damu kwanza. Kona ya kushoto karibu na wengu ndiyo mashuhuri. Ila aina hiyo huja ghafla, mara nyingi hutulia yenyewe, na kwa kawaida huiacha rektamu salama, kwa kuwa rektamu hulishwa na pande mbili. Ya ami haikuja ghafla, haikutulia, wala rektamu haikusalimika.

"Sasa tujiulize huku," akasema, akaweka ncha ya kalamu kwenye buluu. "Je, kama damu inaingia vizuri, ila haitoki?"

Mimi nafundisha jiografia, lakini nimekulia Lamu mjini, katika vile vichochoro ambavyo punda wawili hawapishani, na michirizi ya maji machafu inapita mbele ya kila kizingiti kuteremka baharini. Siku za kawaida maji hushuka. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, bahari hupanda mpaka midomo ya michirizi. Hapo hakuna mtu aliyeongeza maji nyumbani kwake, hakuna bomba lililopasuka, lakini mchirizi unasimama, unajaa, unatapika mlangoni. Bibi yangu alikuwa akipiga kelele kwa nyumba ya juu, na nyumba ya juu hawana kosa. Kosa liko pwani.

Nikamweleza ami kwa mfano huo, pale pale. Akatikisa kichwa. "Ndia ya kutokea imeziba," akasema. "Basi damu inalala mlemle."

Daktari akasema hakuna njia bora ya kulieleza. Damu ikilala, ukuta unavimba, hewa safi haifiki, ngozi ya ndani inakufa vipande vipande na kuwa vidonda. Kamera ikiingia inaona wekundu, uvimbe na damu. Hata kile kipimo cha choo cha kalprotektini hupanda, maana kinasoma chembe nyeupe zilizokusanyika bila kusema zimeitwa na nani.

Ugonjwa anaoushuku una jina refu la kuchosha: kunenepa kwa tabaka la ndani la vena za mesenteri. Mesenteri ni ile shuka ya mafuta na mishipa inayoushikilia utumbo. Madaktari wawili wa Marekani, Genta na Haggitt, waliueleza mwaka 1991 kwa wagonjwa wanne, wote wanaume waliokuwa na afya zao. Ni nadra sana. Huipenda sehemu ya chini kushoto, sigmoidi na rektamu, na wanaume ndio wengi. Wengi wao huanzia pale alipoanzia ami: huambiwa ni kolitisi au Crohn, hupewa dawa za kushusha kinga, dawa hazifui dafu.

Kwa nini vile vipande vya kwanza havikusema? Hapa ndipo nilipojifunza jambo ninalomsimulia kila mtu, mpaka walimu wenzangu wananikimbia chumba cha walimu. Koleo la kamera hubana ngozi ya juu tu, kipande kama punje ya mtama. Vena zilizoziba ziko chini zaidi, na nyingi ziko nje kabisa ya utumbo. Ni kama kutaka kujua mchirizi umeziba wapi kwa kukwangua chokaa ya ukuta wa sebuleni. Lakini chokaa nayo huwa na alama za unyevu, kwa anayejua kuzitazama. Na mtaalamu wa patholojia, yule anayevisoma vipande kwa darubini, hutazama alichoulizwa. Fomu yetu ilikuwa imeandikwa neno moja, "kolitisi", na alama ya kuuliza.

Akataka vipande vilevile visomwe upya, Nairobi, na safari hii fomu ijazwe hadithi nzima. Nikaenda kuvichukua maabara. Nilidhani nitapewa karatasi. Nikapewa vibao vya kioo vinne vyenye madoa ya rangi ya waridi, na vijisanduku viwili vya plastiki vilivyojazwa nta, ndani ya nta kuna kitone cha ami. Mombasa jua la mwezi wa pili. Nikanunua kopo la chakula la shule, la mtoto, lenye picha ya samaki, nikavifunga kwa pamba, nikapanda nalo treni ya Nairobi, nimelipakata mapajani njia nzima. Mama aliyekaa mbele yangu akaniuliza kama ni viazi karai.

Jibu lilikuja baada ya siku 9. Mishipa midogo ya juu, ile iliyopaswa kuwa myembamba kama utando, ilikuwa na kuta nene kama za ateri ndogo. Mingine ina vidonge vya damu iliyoganda ndani. Vitezi vya ngozi ya utumbo vimenyauka. Dalili za kolitisi halisi ni haba. Ushauri: tazameni mishipa.

Akapigwa skani ya CT yenye dawa ya mshipani, picha zikachukuliwa kwa awamu mbili, ateri kwanza, vena baadaye. Hiyo awamu ya pili ndiyo watu huisahau. Ateri zake zilikuwa wazi, hata zimetanuka kuliko kawaida. Ukuta wa sigmoidi umenenepa, mafuta ya pembeni yamechafuka. Na vena ya chini ya mesenteri, ambayo ilipaswa kuonekana ikipanda upande wa kushoto, haikuonekana.

Vipimo vya tabia ya damu kuganda vilitoka safi, vidonda vya mdomo hakuwa navyo. Tiba ikabaki moja, upasuaji: kukata kipande kilichoharibika. Kwanza prednisoloni ikashushwa polepole, kwa sababu haikatwi ghafla na kidonda cha mtu anayeimeza hupona kwa shida.

Ami aliniuliza swali moja tu usiku ule: "Na choo?" Nikamwambia kutakuwa na mfuko tumboni kwa muda. Akanyamaza sana. Mimi nikadhani anawaza aibu. Akasema, "Mfuko unakaa na mtu. Ndoo lazima uibebe."

Walitoa sentimita 31. Daktari wa upasuaji alisema maumivu yalimwacha ami kabla kidonda hakijashonwa, nikadhani ni mzaha wa madaktari, lakini siku ya tatu mgonjwa aliomba samaki. Miezi mitano baadaye, kamera ilipoonyesha kilichobaki kimepona, wakaunganisha utumbo na mfuko ukaondoka.

Ripoti ya kipande kile ninayo. Vena zimenenepa kwa ndani, misuli ya ukuta imejaa mpaka tundu limefumbika. Ateri zilizopita kando kwa kando na vena hizo, safi kabisa. Hakuna uvimbe wa mishipa yenyewe, na hapo inatengana na ndugu yake wa karibu, ule ugonjwa ambao chembe nyeupe huzivamia vena. Walilazimika kutumia rangi maalumu ya kuonyesha nyuzi za elastiki, kwa maana vena iliyonenepa hivyo hufanana na ateri na humdanganya hata anayeshika darubini. Baada ya kukatwa, huwa haurudi. Na chanzo hakijulikani.

Hilo la mwisho ami alilikataa. "Shilingi zote hizo, wamenipasua, wameniona ndani, halafu hawajui?" Nikamweleza kwamba jina la kitabibu la ugonjwa lenyewe linaanza kwa kukiri hivyo: "idiopathic", yaani usiojulikana chanzo. Akasema basi wao ni waungwana kuliko waganga.

Nakala ya ripoti nimeitia katika bahasha ya plastiki pamoja na kitambulisho chake, ili siku akiugua nisipokuwapo asianzishiwe tena vile vidonge 8. Ana kopo lake la bati la kuwekea misumari na kitani cha kukalafatia. Bahasha imelala chini yake. Yule daktari wa kwanza nilimpelekea nakala pia, kwa mkono. Aliisoma yote amesimama, akaniomba abaki nayo.

Mwezi uliopita ami alikuja Malindi kwa arusi, na kurudi tulikuwa pamoja. Alikata tiketi ya kiti cha nyuma kabisa, kile kinachokurusha kila shimo, eti kwa sababu kuna upepo. Garsen tulinunua maembe. Alilala kabla ya Gamba, mdomo wazi, kofia imemshuka usoni, na aliamka Mokowe utingo alipomgonga bega kumwambia maji yanapwa, boti inangoja.